Uzito Ni Ule, Mwenye Uzito Si Yule

Nyumba ya Mzee Benamar,
Mtaa wa nyuma ya soko,
Maghnia.

Ijumaa, 4 Novemba 2022

Mpendwa mdogo wangu Ghaouti,

Assalamu alaikum, na baridi ya huko Kanada isikuguse ila juu ya koti. U hali gani? Lamia hajambo? Na Anya wenu, meno ya mbele yameshaota? Juzi niliona pengo lake kwenye picha nikacheka peke yangu jikoni. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Goti la mume wangu Sid Ahmed linamsumbua baridi ikianza, lakini dukani anakwenda. Mwanangu Chahinez ametulia kwa mumewe kule Tlemcen, ila kila Alhamisi anakuja na furushi la nguo za kufua, utadhani huko maji hayajafika.

Mvua ya kwanza imenyesha. Zeituni za mwaka huu ni chache lakini zina mafuta mazuri. Nimekuwekea chupa mbili, utazipata pamoja na barua hii kwa mkono wa Yacine, mtoto wa jirani yetu fundi wa friji, anayerudi Montreal Jumanne. Mwambie Lamia asije akakaangia viazi. Haya ni ya kuchovya mkate.

Utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu na simu ipo. Ghaouti, kwenye simu mimi na wewe hatujui kusikilizana. Wewe unadakia, mimi napaza sauti, mtandao unakatika, kila mtu anabaki na hasira zake. Na Baba siku zote yuko karibu, masikio yake hayajazeeka hata kidogo. Tena mengine ninayotaka kukwambia ni ya kusomwa mtu akiwa amekaa.

Ni habari za Baba. Usishtuke. Yu hai, na hivi ninavyoandika namsikia huko chini akigombana na redio.

Unaikumbuka ile Ijumaa ya mwezi uliopita ulipopiga ukamwambia asimame akuonyeshe kanzu mpya niliyomshonea? Alisimama, akajigeuza huku na huku kama bwana harusi. Ukasema, "Baba! Hilo tumbo umelitoa wapi? Unaanza kufanana na Haji Miloud! Punguza mkate mzee wangu, unajua mwenyewe unene unavyoua." Ukacheka, naye akacheka mpaka ukaaga. Ulipokata simu akaivua ile kanzu, akaikunja vizuri, akanirudishia. Hajaivaa tena.

Sikulaumu. Hukujua, kwa sababu Baba alitukataza kukwambia yaliyotokea majira ya baridi. Alisema, "Mtoto yuko mbali, mkimwambia atafanya nini zaidi ya kukosa usingizi?" Sasa nakwambia, akasirike akitaka.

Wewe unajua jinsi Baba alivyokuwa akijivunia kilo zake. Kila Jumamosi alikuwa akipanda mizani ya pale duka la dawa, akishuka anakwenda moja kwa moja mkahawani kumchokoza rafiki yake Haji Miloud. "Sitini na tatu," anamwambia kabla hata ya salamu. "Siku niliyooa, sitini na tatu. Leo nina miaka sabini na sita, sitini na tatu. Wewe mwenzangu unahitaji viti viwili na ruhusa ya manispaa." Na Haji Miloud, ambaye unamjua hashindwi neno, alikuwa akijipapasa tumbo na kumjibu, "Cheka tu. Ngamia asiye na nundu havuki jangwa kufika Adrar."

Sisi tuliona ni mchezo wa wazee. Na ile hesabu mnayoiita BMI, ya kugawa kilo kwa urefu mara urefu, ambayo wewe unaipenda kama mtu anavyopenda timu yake ya mpira, ilikuwa upande wa Baba. Chahinez alinitilia programu yake kwenye simu. Ukimwandika Baba, inatoka rangi ya kijani, neno "kawaida". Ukimwandika Haji Miloud, rangi ya chungwa, "amezidi". Nami nilikuwa nikimwambia Baba, "Hongera, umetushinda sote," kwa maana mimi mwenyewe rangi yangu siitaji.

Mwezi wa Januari kikohozi kikapita mtaani. Wote wawili kiliwashika katika juma moja, Baba na Haji Miloud, na wote wawili kikawashukia mapafuni. Haji alilala, akakohoa mpaka tukamsikia ng'ambo ya barabara, akapungua mashavu, kisha mwezi haujaisha akaonekana mkahawani anadai chai ya nanaa. Baba yeye kikohozi kiliondoka lakini Baba hakurudi. Sijui nikwelezeje. Homa hakuna, kifua safi, daktari wa hapa mjini akasema amepona. Lakini alikuwa anashuka ngazi akishika ukuta. Birika la chai alilishika kwa mikono miwili. Alikuwa anasinzia mchana kwenye godoro la sebuleni, na nikimwita ainuke kula, alikuwa ananiambia, "Lete hapa hapa, binti yangu, nimestarehe." Kumbe hakustarehe. Alikuwa hawezi kuinuka.

Nilimpima. Hamsini na saba. Nikaifungua ile programu. Kijani. "Kawaida." Nikamwambia Sid Ahmed, "Amepungua, lakini bado yuko ndani ya mstari." Baadaye ndipo nilipogundua kwamba ile programu haikuwahi kuniuliza umri wake. Iliniuliza kilo na urefu tu, kama mtu anayeuliza bei ya punda bila kumtazama meno.

Kisha ikaja ile Ijumaa.

Haji Miloud ndiye aliyenisimulia, Baba hakuthubutu. Walikuwa msikitini, Haji kwenye kiti chake kwa sababu ya magoti, Baba mbele yake kwenye zulia, kwani Baba aliapa hataswali kwenye kiti maadamu anapumua. Rakaa ya kwanza ilipoisha watu wakasimama. Baba hakusimama. Alibaki palepale katika sijida, paji la uso chini. Safu nzima ikaendelea na rakaa ya pili, na waliokuwa pembeni yake wakadhani mzee amezama katika dua. Imamu alipotoa salamu, Haji akainama, akamsikia akinong'ona, "Miloud, nishike kwapani. Polepole, watu wasione."

Haji alilia aliponisimulia, Ghaouti. Mtu mzima yule, aliyezika wake wawili. Alisema, "Zhor, mwanangu, nilimwinua kama mtu anavyoinua koti lililoanguka. Huyu ndiye aliyekuwa akipanda ngazi za majengo na mfuko wa saruji kila bega."

Baba akaacha kwenda msikitini. Alisema ni goti. Hajawahi kuumwa goti maishani mwake.

Sid Ahmed ndiye aliyekata shauri. Alimtia Baba kwenye gari kwa hila, akamwambia wanakwenda Tlemcen kuangalia kitambaa cha harusi ya Chahinez, nami nikapanda nyuma. Tukampeleka kwa daktari mmoja mama, Daktari Wassila, anayetibu wazee. Baba alipogundua pale si dukani alinikata jicho hilo! Lakini yule mama ana maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Alimpokea mlangoni, akamwambia, "Karibu, ami. Nimeambiwa wewe ndiye uliyejenga nusu ya Maghnia."

Baba akajibu, "Nusu iliyo wima, ndiyo."

Daktari akamuuliza urefu wake. Baba akasema, mita moja na sentimita sabini na mbili, imeandikwa kwenye kitambulisho. Daktari akamsimamisha ukutani, akamshushia ubao kichwani. Sitini na saba.

"Hiyo mashine yako imepinda," Baba akasema. "Mimi mwashi, najua kitu kilichopinda nikikiona."

"Ami, kwenye picha ya kitambulisho hiki una masharubu meusi," Daktari akamwambia. "Yalipoondoka yalichukua sentimita tano. Mgongo wa mtu huketi kadiri anavyokula chumvi. Na tazama maajabu: urefu umepungua, kwa hiyo hesabu imepanda. Umekonda, halafu hesabu inasema umeshiba zaidi kuliko vile ungeshiba na urefu wako wa zamani."

Baba akacheka, akadhani amesifiwa. Ndipo Daktari akamketisha kwenye kiti, akamwambia, "Kunja mikono kifuani, kisha simama."

Nilikuwepo, mdogo wangu. Alijaribu mara ya kwanza akarudi chini. Akasema kiti ni kifupi. Daktari hakubishana, akavuta kiti kingine kirefu zaidi. Akajaribu tena. Nikaona mishipa ya shingo, nikaona midomo inatetemeka, miguu ikapapatika chini ya kanzu, akarudi chini tena. Kisha akanitazama. Hakutazama kwa hasira. Alinitazama kama mtoto anavyomtazama mama yake anapoachwa shuleni siku ya kwanza. Nikageuka nikajifanya natafuta leso.

Daktari akampima unene wa shavu la mguu kwa futi ya fundi cherehani, akampa kifaa cha kuminya kwa kiganja, akaandika anayoyaandika. Baba akamwambia kwa sauti ndogo, "Lakini binti yangu, kabla ya kuugua uzito wangu ulikuwa ule ule wa siku niliyooa."

Akamjibu, "Uzito ni ule, ami. Mwenye uzito si yule."

Nitakwambia alivyotueleza, kwa maneno yangu, maana wewe umesoma utanielewa. Alisema ile hesabu haidanganyi, ila haina macho. Haijui kilo ni za nini. Kijana wa saruji mwenye kilo sitini na tatu, kilo zake ni nyama na mfupa. Miaka hamsini baadaye kilo zinaweza kuwa zile zile, lakini nyama imeondoka kimyakimya na mafuta yamekaa mahali pake, mkononi na mguuni hamna kitu, tumboni kidogo, na mizani haikuona mabadilishano hayo. Ndiyo maana hata watoto wadogo hawasomwi kwa mstari wa watu wazima. Mtoto husomwa kwa umri wake, mwezi kwa mwezi, akiwa msichana au mvulana. "Sasa," akasema, "kama tunamwonea mtoto huruma hiyo, kwa nini tusimwonee mzee?"

Nikamuuliza juu ya mstari wa kijani. Akasema mstari ule unawafaa zaidi watu wa umri wangu na wako, wenye miaka mingi mbele ambayo unene utakuja kudai haki yake. Mzee wa zaidi ya sabini, namba inayomfanya kijana apigiwe makofi inaweza kuwa ndiyo inayomtia daktari wasiwasi. Na ile inayoitwa kuzidi kidogo, kwa mzee mara nyingi ni akiba. Homa ikija, mwili unachota kwenye akiba. Asiye na akiba anachotwa mwenyewe. Nikamkumbuka Haji Miloud na ngamia wake.

Lakini alionya pia, na naandika hili ili usidhani nimepata ruhusa ya kufungua duka la halua. Hakusema Baba anenepe tu. Alisema ale vyakula vya kujenga nyama, na aifanyishe miguu kazi, kwa sababu kilo zinazorudi bila kazi hurudi tumboni.

Basi tukaanza. Mayai asubuhi, dengu, dagaa wa Ghazaouet siku za soko, maziwa ya mgando hata pasipokuwa na kuskusi. Ramadhani ilipofika Daktari alimkataza kufunga. Hilo lilimuuma kuliko yote. Kila siku alipeleka mwenyewe chakula cha fidia kwa yule mjane wa karibu na msikiti, kisha akirudi anakula chake jikoni akiwa ameupa mgongo dirisha, kama mwizi. Sikuwa nikiingia jikoni wakati huo.

Mazoezi alimfanyisha Haji Miloud. Laiti ungeyaona! Walikuwa wakikaa uani, kila mtu na kiti chake, Haji akipiga makofi. "Inuka, bwana harusi, wazee wa mahari wamefika!"

"Nyamaza, pipa wee!"

"Pipa lakini limesimama! Wewe ufagio mbona umelala?"

Na Baba kwa hasira tu alikuwa anainuka. Mwanzoni kwa kushika meza, kisha kwa kushika goti, kisha bila kushika. Siku ya kwanza alipoinuka mikono ikiwa imekunjwa kifuani, Haji alimkumbatia wakakaribia kuanguka wote wawili. Baadaye Baba akadai aletewe mfuko wa saruji. Sid Ahmed akamjazia chupa za maji. Akazitukana, akasema ni vitu vya kunyonyeshea watoto, lakini kila asubuhi alizibeba.

Mwezi wa Mei akarudi msikitini. Agosti ikaja harusi ya Chahinez. Tulikukosa, na najua kunyimwa likizo kulikukata maini, sitakukumbusha. Uliona kwenye video wanaume wa Beni Ouassine wamepanga safu ya ngoma ya Alaoui, mabega yanatikisika na miguu inapiga ardhi, na Baba katikati yao. Uliandika, "Mzee bado yumo!" na mioyo mitatu. Sasa unajua ulichokuwa unakitazama. Alicheza mzunguko mmoja, akatoka mwenyewe kwa miguu yake, akaketi, akaomba maji. Wanawake walipiga vigelegele mpaka mimi nikapoteza sauti.

Alipokupa salamu ile Ijumaa ya Oktoba alikuwa na kilo sitini na sita. Daktari Wassila alikuwa amemwambia wiki ile ile, "Ami, sasa nakupenda hivi." Ndiyo furaha aliyokuwa nayo aliposimama mbele ya simu. Hakuwa anakuonyesha kanzu, Ghaouti.

Tangu siku hiyo hali chakula. Hakatai kwa maneno, unamjua. Ananyofoa mkate, anausogeza ukingoni mwa sahani, anasema nimemjazia mno. Nyama yake nimemkuta akimpa paka, na paka yule sasa ndiye mwenye nundu. Yai la asubuhi anambebea Haji Miloud mkononi ndani ya leso. Chupa za maji zimebaki uani zinaota ukungu. Suruali imerudi kufungwa kwa kamba. Nilimkuta Jumamosi kwenye mizani ya duka la dawa, ameshika fremu ya mlango kwa mkono mmoja ili asiyumbe.

Juzi nilimkabili. Tulikuwa uani tunachagua zeituni. Nikamwambia, "Baba, unanitafutia nini? Unataka turudi kule kwenye kiti cha Daktari?"

Akasema, "Ghaouti amesoma."

"Na Daktari Wassila hakusoma?"

"Daktari hakufiwa nasi. Ghaouti alifiwa na mama yake."

Sikuelewa. Akaendelea kuchagua zeituni, mbovu huku, nzima huku, bila kuinua uso. Akasema, "Siku ya tatu ya msiba alisema maneno. Nilikuwa nyuma ya mlango nikijaza mtungi wa udhu. Alisema, 'Mlimlisha mpaka mkamuua.' Na kweli, Zhor. Nani aliyekuwa akimletea makrout, vile vitamu vya tende na asali, kutoka Nedroma kila Alhamisi? Madaktari wanasema sukari, sukari, nami nakwenda kununua, kwa sababu alikuwa akifurahi. Basi nikasema, angalau mimi mtoto huyu asinione ninanenepa. Asiseme tena."

Miaka minane, Ghaouti. Sisi tulidhani anajivuna. Zile Jumamosi zote za mizani, zile sitini na tatu za kumchokozea Haji, kumbe alikuwa anakulipa wewe.

Najua ulikuwa na uchungu siku ile. Ulikuwa kijana, umeshuka kwenye ndege umechelewa kumwona uso. Hata maneno yenyewe huenda huyakumbuki. Na sitakwambia kwamba ulikosea juu ya Mama. Mama alikuwa na miaka sitini tu, alikuwa na sukari, uzito ulimwelemea moyo kweli, na laiti tungemsikiliza daktari mapema. Najua pia kwamba unakimbia barabarani kila alfajiri kwenye theluji kwa sababu yake, na kwamba ukimwambia Baba apunguze mkate ni hofu inayosema. Unaogopa kupigiwa simu ya pili. Nani asiyeogopa?

Lakini Mama alikuwa Mama na sitini yake, na Baba ni Baba na sabini na sita yake. Kilichomuua mmoja si lazima ndicho kitakachomuua mwenziwe. Huyu wetu aliyebaki, kinachomnyemelea si mkate. Ni siku atakayojikwaa pale kwenye kizingiti akiwa hana nyama ya kumzuia, au kikohozi cha Januari ijayo kitakapomkuta hana cha kuchota.

Mimi nimemwambia, Daktari atamwambia, Haji Miloud amemtukana matusi yote anayoyajua. Maneno yetu hayamwingii. Anakusikia wewe. Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja, mdogo wangu, na sitakuomba kingine mwaka huu. Mpigie Ijumaa, baada ya swala, tukiwa tumeketi kwenye kuskusi. Usimhutubie. Usimtajie namba yoyote. Muulize amekula nini, akikwambia, mwambie aongeze. Na ukiweza, ukiwa peke yako naye, ukisikia mlango umefungwa, mwambie juu ya Mama. Sitakufundisha maneno. Mwambie tu kwamba hukumaanisha, au kwamba ulimaanisha na imekwisha. Lolote lililo kweli.

Nilimwambia nakuandikia. Nikadhani atanizuia. Kisha akasema niongeze haya, nami nayaandika kama alivyoyasema: "Mwambie Ghaouti juzi nilimtazama vizuri kwenye simu. Uso wake umekuwa mdogo. Shingo imetoka mifupa. Muulize huko anapikiwa nini, na kama kuna kinachomla moyo, anieleze mimi baba yake. Mwambie tangu juzi sijalala."

Haji Miloud anakusalimu, anasema uje ulipe deni la domino. Sid Ahmed anakusalimu, na Chahinez na mumewe. Mbusu Anya kwenye lile pengo, na umwambie Lamia nampenda kwa jinsi anavyokuvumilia. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akupe riziki isiyo na fedheha, atukutanishe tukiwa bado tunatambuana nyuso.

Nimefunga barua lakini mkono bado uko begani mwako,

Dada yako,
Zhor